Namba za Balbu na Namba za Oili: Jinsi ya Kuzisoma

Bonde la Mang'ola limo wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, chini ya kuta za Bonde la Ufa. Ni nchi ya joto na ukame, lakini inajulikana sana kwa kilimo cha vitunguu. Maji ya kumwagilia hutoka katika chemchemi zilizo upande wa mlima Oldeani, nayo hugawanywa kwa mifereji. Pale ambapo maji hayawezi kufika yenyewe kwa mteremko, mkulima hutumia pampu inayoendeshwa kwa injini.

Tumfikirie mkulima mmoja wa huko. Amekwenda dukani kununua vitu viwili: balbu ya nyumbani na oili ya injini ya pampu yake. Balbu imeandikwa "60W". Kopo moja la oili limeandikwa "20W-50", la pili "15W-40", na la tatu limeandikwa "40" peke yake. Mkulima anauliza: je, W iliyo kwenye oili ni wati kama W iliyo kwenye balbu? Na je, 50 ni bora kuliko 40, kama vile balbu ya 100 inavyoangaza kuliko ya 60?

Maswali haya si ya kuchekwa, maana hata wasomi wengi hawayajibu sawasawa. Tena hasara yake si ndogo. Mtu akikosea balbu, atapoteza balbu. Akikosea oili, injini yaweza kukwama katika wiki zile ambazo vitunguu vinavimba ardhini na vinahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote, na shamba halingoji vipuri vifike kutoka Arusha.

Katika makala haya tutajifunza kuzisoma namba hizo. Kila tunapoikuta namba iliyopigwa chapa juu ya chombo, tujiulize maswali matatu: Namba hii inaeleza nini? Inakuwa kweli katika hali gani? Na ni jambo gani ambalo haisemi?

Wati ni nini?

Wati ni kipimo cha nguvu, yaani kasi ya kutumia nishati. Jina hilo limetokana na James Watt, fundi na mvumbuzi wa Uskoti aliyeishi kati ya mwaka 1736 na 1819. Wati moja ni jouli moja ya nishati kwa kila sekunde. Kwa hiyo balbu ya wati 60 hutumia jouli 60 kila sekunde inapowaka. Ikiwaka kwa saa 5 kila siku kwa muda wa siku 30, itatumia wati-saa 9,000, yaani kilowati-saa 9. Hizo ndizo "yuniti" 9 tunazolipia katika umeme.

Hapa namba ni kipimo halisi. Wati 60 ni mara mbili ya wati 30, na mwanafunzi anaweza kuzijumlisha, kuzizidisha na kuzigawanya kama anavyofanya kwa kilo au mita. Mashine za pampu nazo hupimwa kwa wati, ingawa mara nyingi huandikwa kwa nguvu-farasi. Nguvu-farasi moja ni kama wati 746.

Sitini mbili zisizofanana

Sasa tuulize swali la pili: balbu hutumia wati 60 katika hali gani? Jibu limeandikwa juu ya balbu yenyewe, lakini wengi hawalisomi. Ni volti.

Tuchukue balbu mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani, nayo imeandikwa 230V 60W. Ya pili ni ya taa kubwa ya gari, nayo imeandikwa 12V 60W. Nguvu ni ile ile, lakini mkondo wa umeme ni tofauti kabisa. Tukigawanya wati kwa volti tunapata ampea. Balbu ya nyumbani huvuta ampea 0.26 tu, ile ya gari huvuta ampea 5. Tukigawanya volti kwa ampea tunapata ukinzani. Ukinzani wa balbu ya nyumbani inapowaka ni kama omu 880, na wa ile ya gari ni omu 2.4 tu.

Mtu akiifunga balbu ya nyumbani kwenye betri ya volti 12, haitaonyesha hata dalili ya kuwaka. Akithubutu kuifunga ile ya gari kwenye umeme wa volti 230, itaungua papo hapo, tena kwa hatari. Kumbe namba 60 pekee haitoshi: ni kweli pale tu volti iliyoandikwa kando yake inapokuwapo.

Jambo hili huonekana pia katika nyumba zilizo mwisho wa nyaya ndefu za umeme, ambako volti hushuka. Tuseme zimeshuka kutoka 230 hadi 200. Mwanafunzi akitumia ukinzani ule ule wa omu 880 atapata kwamba balbu sasa hutumia kama wati 45. Akipima kwa mita atakuta ni zaidi kidogo, kama 48. Sababu ni kwamba waya uliomo ndani umepoa kidogo, na ukinzani wa metali hupungua inapopoa. Lakini mwanga haupungui kwa kiasi hicho hicho: hushuka hadi karibu sehemu tatu kati ya tano za mwanga wa awali. Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kuuliza swali la tatu.

Wati haisemi kiasi cha mwanga

Mwanafunzi wa Mang'ola anaweza kujifunza somo hili kwa mafundi walio jirani naye. Wahunzi wa Kidatoga hutengeneza vichwa vya mishale, visu na bangili kwa kutumia vyuma chakavu na makaa. Chuma kikiwa vuguvugu hutoa joto bila mwanga. Kikifikia kama nyuzi 600 za Sentigredi huanza kuwa chekundu. Kikizidi kupata moto huwa cha rangi ya chungwa, kisha cha manjano. Joto likiongezeka kidogo, mwanga huongezeka sana.

Balbu ya zamani, ile yenye waya mwembamba ndani ya kioo, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Waya wake ni wa tangsteni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 3,400 hivi, wakati chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kwa hiyo waya huo unaweza kufikishwa kwenye nyuzi 2,500 na usiyeyuke. Hata hivyo, sehemu kubwa kabisa ya nishati yake hutoka kama joto. Ni sehemu ndogo tu, kama tano katika mia, inayotoka kama mwanga. Hii ndiyo sababu volti zikipungua kidogo na waya ukapoa, mwanga hupungua kwa haraka kuliko wati.

Mwanga unaotoka katika taa hupimwa kwa lumeni. Balbu ya waya ya wati 60 hutoa kama lumeni 700. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800. Yenye wati chache ndiyo yenye mwanga zaidi! Basi mkulima wetu akitaka kujua atalipia nini, asome wati. Akitaka kujua ataona nini, asome lumeni.

Oili na mnato

Sasa twende kwenye kopo la oili. Kazi ya oili ni kukaa kati ya metali mbili zinazosuguana, kwa mfano kati ya pistoni na ukuta wa silinda, au kati ya mhimili na beringi zake. Utando huo wa oili ni mwembamba mno. Mara nyingi unene wake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Ukikatika, metali hugusana, hupata moto, hulika, na mwishowe injini hukwama.

Sifa inayohusika hapa huitwa mnato, yaani ukaidi wa kimiminiko dhidi ya kutiririka. Bonde la Eyasi ni nchi ya asali, na Wahadzabe wanajulikana mno kwa kuitafuta porini. Kwa hiyo mfano wake uko karibu. Asali iliyokaa kwenye chombo usiku wa baridi humwagika polepole mno. Ile ile ikianikwa juani hadi adhuhuri hutiririka upesi. Asali haikubadilika, kilichobadilika ni halijoto.

Oili ndivyo ilivyo. Mnato wake hupimwa kwa sentistoki, ambayo ni milimita mraba moja kwa sekunde. Maji ya kawaida yana kama sentistoki 1. Oili ya kawaida ya namba 40 huwa na kama sentistoki 145 ikiwa kwenye nyuzi 40, lakini ikifika nyuzi 100 hubaki na kama 14 au 15 tu. Imepungua mara kumi! Kwa hiyo kusema "oili hii ni nzito" bila kutaja halijoto ni sawa na kutaja wati bila volti.

Namba 40 ni daraja, si kipimo

Namba za oili zimetokana na utaratibu wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kinachojulikana kwa kifupi kama SAE, kilichoundwa mwaka 1905, na ambacho kilitoa orodha yake ya kwanza ya madaraja ya oili mwaka 1911. Hali iliyochaguliwa kwa namba hii ni nyuzi 100, kwa kuwa ndiyo karibu na halijoto ya oili ndani ya injini inayofanya kazi. Katika halijoto hiyo madaraja ya oili ya injini ni haya:

SAE 20: sentistoki 6.9 hadi chini ya 9.3.
SAE 30: sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5.
SAE 40: sentistoki 12.5 hadi chini ya 16.3.
SAE 50: sentistoki 16.3 hadi chini ya 21.9.

Msomaji ataona mara moja kwamba namba 40 haimo popote katika vipimo hivyo. Si sentistoki 40, si nyuzi 40, wala si kitu chochote 40. Ni jina la daraja tu. Mwanafunzi wa kidato cha nne yuko juu ya wa kidato cha pili, lakini hakuna asemaye kwamba ana elimu mara mbili kamili. Vivyo hivyo SAE 40 ina mnato mkubwa kuliko SAE 20, lakini si mara mbili kamili.

Uthibitisho mwingine ni oili ya gia ya namba 90, ambayo madereva wote wanaifahamu. Wengi hudhani kwamba ni nzito karibu mara mbili ya oili ya injini ya namba 50. Sivyo. Oili za gia zina orodha yao wenyewe ya madaraja, na namba 90 katika orodha hiyo ni sentistoki 13.5 hadi chini ya 18.5 kwenye nyuzi 100. Mnato wake basi unalingana na wa oili ya injini ya namba 40 au 50. Namba za orodha mbili tofauti hazilinganishwi.

Herufi W

Tumefika kwenye swali la mkulima wetu. W iliyo kwenye balbu ni wati. W iliyo kwenye oili haihusiani na wati hata kidogo. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake ni daraja la oili ikiwa baridi sana, pale injini inapowashwa.

Katika baridi kiasi gani? Kuna njia rahisi ya kukumbuka: chukua namba iliyo mbele ya W, kisha toa 35. Kwa 20W tunapata 15 chini ya sifuri. Kwa 15W tunapata 20 chini ya sifuri. Kwa 5W tunapata 30 chini ya sifuri. Hizo ndizo halijoto ambazo kila daraja hujaribiwa ili kuona kama injini itaweza kuzungushwa na kuwaka.

Oili yenye namba mbili, kama 15W-40, imefaulu mitihani miwili: wa baridi kama 15W, na wa joto kama SAE 40. Siri yake ni molekuli ndefu zilizotiwa ndani yake. Oili ikiwa baridi, molekuli hizo hujikunja na hazizuii sana mtiririko. Ikipata moto hukunjuka na kuzuia mnato usianguke mno. Ndiyo maana kwenye nyuzi 40 oili ya 15W-40 huwa na kama sentistoki 105 hadi 110, wakati ile ya namba 40 pekee ina 145. Lakini kwenye nyuzi 100 zote mbili ziko katika daraja moja.

Mang'ola na kingo za Ngorongoro

Je, mtumiaji wa Tanzania azingatie namba ipi zaidi? Mang'ola iko kwenye kimo cha mita 1,050 hivi. Kingo za kreta ya Ngorongoro zinafikia kama mita 2,300. Kwa kawaida halijoto ya hewa hupungua kwa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda; kwa hiyo tofauti ya mahali hapa pawili ni kama nyuzi 8. Dereva anayelala kwenye kingo za kreta ataona asubuhi gari lake likiwaka kwa uzito kuliko likiwa Mang'ola, na oili yenye W humsaidia kwa kuwa hufika upesi kwenye beringi. Lakini hata huko hakuna nyuzi 15 chini ya sifuri. Katika nchi yetu, baridi ya namna hiyo ni ya kutafutwa karibu na kilele cha Kilimanjaro, ambako hakuna pampu wala lori.

Kwa hiyo kwa mkulima wa Mang'ola, kulipa fedha nyingi ili apate 5W badala ya 15W kwa ajili ya baridi ni kununua kinga ya baridi ambayo haitamfikia. Namba inayomhusu zaidi ni ile ya pili, yaani ya joto, kwa sababu injini yake hufanya kazi juani kwa saa nyingi mfululizo. Ikiwa kitabu cha injini kinataka 40 naye akatia 5W-30 kwa kuwa ni ghali na inasifiwa, utando wa oili utakuwa mwembamba kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Wala asikimbilie 50 kwa kudhani kwamba nzito ni bora siku zote. Oili nzito mno huchelewa kufika injini inapowashwa na hupoteza nguvu katika kuisukuma. Kitabu cha injini ndicho mwamuzi.

Namba haisemi ubora

Swali la tatu linabaki. Mnato hausemi kama oili ina dawa za kuzuia kutu, kusafisha masizi, na kustahimili moto. Hayo hutajwa na herufi nyingine za taasisi ya petroli ya Marekani, API. Herufi ya S mwanzoni huonyesha injini za petroli, na C huonyesha za dizeli. Herufi inayofuata huonyesha kizazi cha oili: CI-4, kwa mfano, ni ya baadaye kuliko CD. Namba 4 hapo nayo si mnato. Inaonyesha injini ya mipigo minne. Makopo mawili yaweza kuandikwa 15W-40 yote mawili, moja likafaa injini ya dizeli na jingine lisifae.

Majaribio mawili ya darasani

La kwanza: doa la oili. Tia tone la oili katikati ya karatasi nyeupe na ulifute. Katika chumba chenye giza, weka karatasi wima kati ya balbu mbili za waya, moja ya wati 40 na moja ya wati 100, kisha isogeze huku na huku mpaka doa liwe kama limetoweka. Hapo mwanga wa pande zote mbili ni sawa. Pima umbali wa kila balbu hadi kwenye karatasi. Uwiano wa mwanga ni sawa na uwiano wa miraba ya umbali. Ikiwa balbu ndogo iko sentimita 50, ile kubwa itakuwa kama sentimita 90. Miraba yake ni 2,500 na 8,100, yaani uwiano wa 3.2. Lakini uwiano wa wati ni 2.5 tu! Wanafunzi wajadili sababu, wakikumbuka chuma cha mhunzi. Mwalimu mwenyewe afunge nyaya za umeme.

La pili: povu linalopanda. Chukua chupa mbili za kioo zinazofanana. Moja tia oili ya 40, nyingine 15W-40, ukiacha nafasi ya kidole kimoja juu, kisha uzifunge. Zilaze ndani ya maji ya mtungi mpaka zipoe, uzipindue kwa pamoja, na upime sekunde ambazo povu la hewa linachukua kupanda. Rudia baada ya kuziweka ndani ya maji ya moto. Chupa za oili zisipashwe moto juu ya jiko kamwe. Tofauti ya chupa mbili ni kubwa katika baridi, na hupungua katika joto. Kwa Mang'ola usitarajie kufikia nyuzi 100 kwa maji ya sufuria, kwani kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 96 na nusu hivi.

Maswali ya kujipima

1. Balbu ya breki imeandikwa 12V 21W. Huvuta ampea ngapi?
2. Balbu mbili za 230V 60W zimefungwa kwa mfuatano kwenye volti 230. Kwa nini kila moja hutumia zaidi ya wati 15?
3. Dereva anasema, "15W-40 ni nyepesi kuliko 40 injini ikishapata moto." Je, ni kweli?
4. Oili ya 0W hujaribiwa katika halijoto gani?

Majibu: (1) Ampea 1.75. (2) Kila moja hupata volti 115. Hesabu ya ukinzani usiobadilika hutoa wati 15, lakini waya umepoa na ukinzani wake umepungua, hivyo mkondo ni mkubwa kuliko wa hesabu hiyo. (3) Si kweli. Kwenye nyuzi 100 ziko daraja moja. (4) Nyuzi 35 chini ya sifuri.

Mkulima wetu sasa anaweza kurudi dukani bila kuogopa herufi. Anaiangalia balbu na kusoma volti, wati na lumeni. Anaangalia kopo la oili na kutafuta daraja la joto linalotakiwa na kitabu cha injini yake, pamoja na herufi C ya dizeli. Akiambiwa kwamba namba kubwa ndiyo bora, atauliza kwanza: kubwa ya kitu gani, na katika hali gani?